Dakika 38 Kabla ya Kiama: Wimbo wa Mwisho Uchaguliwe au Uachwe Uje Wenyewe?

Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za watu wa Hawaii zililia kwa mpigo mmoja. Ujumbe ulisema kombora linakuja, kila mtu ajifiche mara moja, na haya si mazoezi. Hapakuwa na kombora lolote. Tahadhari ilikuwa imetumwa kimakosa, lakini ujumbe wa kuikanusha ulichukua dakika 38 kufika kwenye simu zilezile. Kwa muda huo, watu zaidi ya milioni moja walijikuta ndani ya swali ambalo sisi wengine hulitumia kuchangamshia mazungumzo: dunia ikiwa inaisha leo, utasikiliza nyimbo gani?

Dakika 38 si haba. Nyimbo kumi za urefu wa kawaida zinaenea humo. Hata hivyo, katika simulizi za asubuhi ile nilizozisoma, watu waliwapigia simu wazazi wao, walijibanza bafuni na watoto, walisali. Wengine walifunua mifuniko ya mitaro barabarani wakawateremsha watoto humo. Walitaka kusikia kitu, naam, ila walichokitaka ni sauti za watu wao.

Nimelibeba swali hili kwa sababu niliwahi kubishana juu yake na rafiki yangu hadi usiku wa manane. Yeye alishikilia kwamba mtu mzima anapaswa kuwa na orodha yake tayari. Mimi nilimwambia orodha ya namna hiyo ni pozi tu. Tangu usiku ule nimesogea kidogo kutoka upande wangu, ila wake sijaufikia.

Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyokubali siku ile. Mwenye hofu, alisema, hachagui. Hushika kilicho karibu. Kama hukuchagua ukiwa umetulia, wimbo wako wa mwisho utakuwa tangazo la sabuni lililokuwa likipigwa redioni taarifa ilipoingia. Akaongeza kwamba watu wengi huacha maagizo ya nyimbo za mazishi yao, na hakuna anayewaita wenye majivuno. Kwa nini basi mtu ajali nyimbo za maziko yake na asijali za maziko ya dunia nzima?

Kisha akaileta Titanic, na hapo ndipo alipojikwaa mwenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, wanamuziki wanane wa meli ile, wakiongozwa na Wallace Hartley, walipiga muziki huku maji yakipanda, na wote wanane walikufa. Ukimuuliza mtu yeyote wimbo wao wa mwisho ulikuwa upi, atakutajia “Nearer, My God, to Thee”, ule ambao kwa Kiswahili huimbwa “Karibu na Wewe, Mungu Wangu”. Wapo walionusurika waliosema hivyo. Lakini Harold Bride, mmoja wa mafundi wawili wa mitambo ya mawasiliano melini, ambaye naye alinusurika, aliliambia gazeti la New York Times kwamba alisikia “Autumn”, na mpaka leo watu wanabishana kama alimaanisha wimbo wa kanisani au muziki wa dansi. Tena hata “Nearer, My God, to Thee” una mahadhi zaidi ya moja: yaliyozoeleka Marekani siyo yaliyozoeleka Uingereza. Abiria wawili wangeweza kuapa kwa moyo safi kwamba waliusikia, kumbe kila mmoja ana tuni yake kichwani.

Kisichobishaniwa sana ni kwamba saa za mwanzo walipiga muziki wa kuchangamsha, wa miguu kutulia palepale iliposimama na mioyo isipagawe wakati mashua zinateremshwa. Wimbo wa mwisho wa Titanic, kwa maoni yangu, tumeuchagua sisi tuliobaki nchi kavu. Tulihitaji mwisho unaofanana na mwisho. Wao pale sitahani walikuwa na kazi nyingine: kumtuliza aliye mbele yao kwa dakika tano zijazo.

Wimbo huohuo ulirudi mwaka 1980, Ted Turner alipoanzisha CNN. Alisema kituo chake hakitazima matangazo mpaka dunia iishe, na siku hiyo kitapiga “Nearer, My God, to Thee” ndipo kizime. Wengi walidhani ni maneno ya mkutano na waandishi. Mwaka 2015 video yenyewe ilivuja: bendi ya jeshi imesimama, inapiga, basi, kama dakika moja hivi. Kwenye kumbukumbu za kituo iliandikiwa maelekezo kwamba isirushwe hadi mwisho wa dunia uwe umethibitishwa. Uthibitishwe na nani? Nampenda sana mhariri aliyeandika sentensi ile. Hata siku ya kiama alitaka chanzo cha pili.

Lakini mfano wa mazishi, uliokuwa nguzo ya hoja ya rafiki yangu, una ufa. Wimbo wa mazishi haumhusu marehemu. Unawahusu waliokaa kwenye viti, watakaotoka pale wakisema, “Kweli, huo ulikuwa wimbo wake.” Kazi yake ni kumbukumbu. Dunia nzima ikiisha, hakuna kiti chenye mtu, na hakuna wa kukumbuka kwamba ulikuwa na ladha nzuri. Wimbo unabaki na kazi moja tu, kusikilizwa, na ukimalizika umemalizika pamoja na msikilizaji.

Hapo ndipo orodha nyingi zinapoanguka, ya kwangu ikiwemo. Nilipojaribu kuandika nyimbo zangu kumi, nilijikamata nikiweka kipande kimoja cha piano ambacho nakiheshimu kuliko ninavyokipenda. Nilikiweka ili mtu akiona orodha ajue kwamba nakijua. Ndipo nikajitungia kipimo: kama hakuna mtu atakayejua milele kwamba niliuchagua wimbo huu, je, bado ungekuwemo? Kati ya kumi, zilibaki nne.

Uingereza wana kipindi cha redio kilichoanza BBC mwaka 1942, Desert Island Discs, ambacho mgeni huchagua santuri nane za kwenda nazo kwenye kisiwa kisicho na watu. Kisiwani hakuna hadhira, lakini kwenye kipindi ipo ya kutosha, na mvutano huo ndio unaokipa kipindi utamu wake. Mwaka 1958 mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf alichagua nane, na saba kati ya hizo zilikuwa za kwake mwenyewe. Watu wamemcheka miaka yote hiyo. Mimi nimeanza kumwonea wivu. Huenda ndiye mgeni pekee aliyejibu kana kwamba hakuna anayemsikiliza.

Ipo pia orodha iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya wengine, na hiyo haina haja ya kuona haya. Mwaka 1977 vyombo viwili vya anga vya Marekani vinavyoitwa Voyager vilirushwa, kila kimoja kikiwa na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye vipande 27 vya muziki, kama dakika 90 kwa jumla. Kamati ya mwanafalaki Carl Sagan ilichanganya Bach, ngoma za Senegal, wimbo wa jando wa wasichana Wambuti wa Kongo, rock ya Chuck Berry, na ikafunga kwa kipande cha polepole cha Beethoven. Voyager 1 ilitoka kwenye himaya ya upepo wa jua mwaka 2012, na sahani ile inatarajiwa kudumu kwa muda ambao haukai kichwani. Kuna kitu cha kuvutia hapa: kama dunia itaisha, nyimbo 27 zitabaki zikielea, na hakuna hata mmoja wetu atakayekuwepo kuzisikia. Hiyo ndiyo orodha ya maziko niliyokuwa nikiitafuta kwenye hoja ya rafiki yangu. Ipo tayari. Sisi wengine tumesamehewa kazi hiyo.

Upande wa pili wa mzani sasa. Wanaopinga kuchagua wana hoja ambayo siisikii ikitajwa mara nyingi: wimbo umeumbwa kurudiwa. Kibwagizo kinarudi ndani ya wimbo, na wimbo wenyewe unarudi katika maisha, leo jikoni, kesho ndani ya basi, mwaka kesho kwenye harusi ya mtu. Sehemu ya raha yake ni kujua kwamba hata ukiukosa sasa utaukuta mbele ya safari. Ukishaupa wimbo cheo cha kuwa wa mwisho, umeuondolea uhuru huo. Najua mtu aliyeuhifadhi wimbo mmoja kwa siku kubwa tu, akaacha kuusikiliza siku za kawaida usije ukachakaa. Baada ya miaka michache ukawa kama sahani za wageni kabatini: safi, nzuri, na haziliwi chakula.

Wanaongeza kwamba uchaguzi wenyewe si wetu kama tunavyodhani. Utafiti wa kumbukumbu umeonyesha mara kwa mara kwamba nyimbo zinazoshika zaidi ni zile za ujana, tangu mtu anapobalehe hadi miaka ya ishirini na kitu. Kaa na kalamu uandike orodha ya kiama, na kwa sehemu kubwa utakuwa unaandika ulichokisikia ukiwa na miaka 17. Sioni kama hiyo ni aibu. Ila inapunguza uzito wa neno “nimechagua”.

Na kwa waumini wengi, sauti ya mwisho imeshapangwa na haitegemei ladha ya mtu. Biblia inataja parapanda ya mwisho. Kurani inataja baragumu litakalopulizwa. Katika vitabu vyote viwili, dunia haimaliziki kimya, lakini pia hakuna aliyeulizwa anataka kipigwe nini.

Dhidi ya hayo yote nina ushahidi mmoja unaonirudisha upande wa rafiki yangu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa katika saa zao za mwisho, ambao hawakuitikia tena chochote. Baadhi yao ubongo ulishtuka sauti ilipobadilika, karibu sawa na wa vijana wenye afya. Haithibitishi kwamba walielewa walichosikia, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Lakini inatosha kunifanya nisiseme tena kwamba kinachopigwa karibu na mtu dakika ile hakina maana. Kama sikio ni mlango unaochelewa kufungwa, mtu ana haki ya kujali kinachopitia hapo.

Basi nimebaki katikati? Hapana. Naona swali limekaa upande usio wake. Tunauliza wimbo upi, kana kwamba mashine ya kuupiga itakuwepo. Umeme utaondoka mapema, mtandao utautangulia, na simu yenye nyimbo maelfu itakuwa kioo cheusi cha kujitazamia uso. Ukitaka kujua muziki unafanya nini mahali ambapo vitu vimekwisha, mtazame mtunzi wa muziki Mfaransa, Olivier Messiaen. Alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Wajerumani huko Görlitz alipotunga muziki wake wa mwisho wa nyakati, akimfuata malaika wa kitabu cha Ufunuo anayetangaza kwamba wakati hautakuwapo tena. Ulipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, mbele ya wafungwa na walinzi. Ala zake ni klarineti, fidla, selo na piano, mchanganyiko usio wa kawaida, na sababu yake ni nyepesi: hao ndio wapigaji aliokuwa nao kambini. Hakuwa na orodha, wala hakusubiri kijacho. Alianza na waliokuwepo.

Kwa hiyo msimamo wangu umekuwa huu: chagua wimbo, lakini uwe mmoja, na uwe ule unaoweza kuutoa kinywani mwako bila kifaa, mbele ya mtu mmoja gizani, akaweza kuupokea. Nyimbo tisa nyingine ziache ziendelee kupigwa hovyo kwenye mabasi. Rafiki yangu anasema hilo ni kuikwepa mada, kwa kuwa yeye hawezi kuimba. Nikamwambia Saa ya Kiama, ambayo wanasayansi wa atomiki huitumia kuonyesha dunia iko karibu kiasi gani na maangamizi, iliwekwa sekunde 89 kabla ya saa sita usiku mwezi Januari 2025; hata kama ni mfano tu, muda huo ungemtosha kufika kibwagizo cha kwanza, na kibwagizo hata yeye anaweza.

Wa kwangu nimeshaupata. Ni ule aliokuwa akiuimba mama akifua, na nimeusikia mara nyingi mno kuhitaji kuusikia tena. Nilipojaribu kuuimba wote, niligundua kwamba ubeti wa pili siujui. Nikampigia mama simu. Alinyamaza kidogo, akajaribu, akacheka. Hata yeye haujui. Akifika hapo, alisema, huwa anavuma tu mpaka kibwagizo kirudi.