Mrija wa Maandazi

Silabasi haikudai watoto wa kidato cha kwanza wajue mikrotubuli, ile mirija midogo mno iliyo ndani ya seli. Hicho kilikuwa kiherehere changu. Na maabara yetu hapa Kisumu ina hadubini moja, lenzi imepasuka. Hata ingekuwa nzima, mrija wenyewe una upana wa nanomita 25. Utakodoa mpaka machozi.

Basi nikanunua fito 13 za mwanzi sokoni Kibuye, nikachagua zilizopinda, na kwa mama wa kantini nikakopa maandazi 104. Mrija halisi hujengwa na protini iitwayo tubulini, jozi jozi za alfa na beta, zikiwa safu 13 zilizosimama duara. Maandazi mazuri yakawa alfa, yaliyoungua yakawa beta. Beta hazikukosekana.

Nikazichomeka fito kwenye karai la mchanga, migongo ndani, maandazi manane kila moja. “Safu hizi zina hasira,” nikawaambia. “Zinatamani kujikunja nje kama ganda la ndizi. Kinachozizuia ni kofia pale juu, tubulini mpya ambazo bado zina GTP, molekuli yenye nishati. Kofia ikitoka, mrija uliojengwa polepole huporomoka mara moja.”

Kofia yangu ilikuwa duru ya juu, maandazi ya moto, yamebanwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Ilikuwa saa nne kasoro, na uji walikunywa alfajiri. Nikageukia ubao kuandika Mitchison na Kirschner, 1984, wanasayansi waliolieleza jambo hili. Nilikuwa nimefika kwenye K niliposikia mtu anatafuna.

Ukanda ukalegea, ukachomoka. Fito zote zikakumbuka kwao kwa mpigo mmoja. Alfa zikaenda huku, beta kule, moja ikamnasa kiranja kwenye sikio. Nyingine ikatoka dirishani, na naibu wa mwalimu mkuu alikuwa anapita na kikombe chake cha chai.

Chubwi!

Akachungulia. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

“Mwalimu, hiki ni kipindi au ni saa ya chai?”

Akalimega lile andazi, akaenda zake.

Mama wa kantini alikuja na daftari. Nikamweleza kwamba seli haitupi kitu: tubulini zilizoporomoka hupata GTP nyingine, zikajenga mrija mpya. Alinisikiliza kwa adabu zote.

“Sawa, Mwalimu. Hayo ya chini wewe yatie hiyo GTP. Mimi nitilie 1,040 kwa simu.”