Opera Nyumbani: Kamera Isitunyang'anye Jukwaa

Anayetazama opera ukumbini huchagua mwenyewe pa kutupia macho. Anaweza kumwacha anayeimba akamtazama anayeimbiwa. Kwenye DVD uchaguzi huo umeshafanywa na mwongozaji wa kamera, ambaye jina lake mara nyingi huwekwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kuuliziwa kwanza kabla ya kununua.

Chukua La traviata, opera ya Verdi, iliyochezwa katika tamasha la Salzburg, Austria, mwaka 2005 na kuongozwa jukwaani na Willy Decker. Jukwaa ni tupu: ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa mno, na mwimbaji Anna Netrebko, akiwa mhusika mkuu Violetta, katika gauni jekundu. Daktari Grenvil, ambaye kwa kawaida ana kazi ndogo katika opera hii, hapa ni mzee mkimya anayemngoja Violetta kama kifo chenyewe. Uzito wa onyesho umo katika nafasi iliyopo kati ya hao wawili. Kila kamera inapoganda usoni mwa Netrebko, mzee hutoweka, na mtazamaji wa nyumbani hubaki na mwanamke mzuri anayeimba vizuri. Hiyo ni hasara kubwa.

Sisemi kamera isisogee kamwe. Katika sehemu ya pili ya Tosca, opera ya Puccini, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Covent Garden, London, mwaka 1964, kwa picha za nyeusi na nyeupe, Tito Gobbi akiwa Scarpia, mkuu wa polisi, anaandika hati ya kuwaruhusu Tosca na mpenzi wake kuondoka. Maria Callas, akiwa Tosca, anakwenda mezani kuchukua glasi ya mvinyo, na macho yake yanakiona kisu. Nia ya kuua inaingia usoni kabla mkono haujafika. Aliyekaa safu za nyuma usiku ule hakuweza kuuona uso huo kama tunavyouona sisi. Kamera ilisogea kwa sababu tendo lenyewe lilikuwa usoni. Na inauma kwamba hatuna opera hata moja ya Callas iliyohifadhiwa nzima kwa picha.



Lakini ushahidi wangu mkubwa wa kutetea jukwaa ni Wagner, mtunzi wa Kijerumani. Ring, mfululizo wake wa opera nne, ilipoongozwa jukwaani na Patrice Chéreau, ilizomewa vikali katika tamasha la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1976. Mwongozaji wa kamera Brian Large aliirekodi mwaka 1979 na 1980, ukumbi ukiwa hauna watazamaji, Pierre Boulez akiongoza okestra. Mwishoni, moto ukiwaka, umati uliokuwa umetuelekezea mgongo unageuka na kututazama. Hapo hakuna nyota wa kusogelewa. Wenye tendo ni umati wote, na bila jukwaa pana tendo hilo halipo. Ni zaidi ya saa 13 za muziki, na anayeanza kukusanya opera za kutazama nyumbani ningemshauri aanze na opera hizo nne, moja kila jioni.