Grub Ni Kubwa Kuliko Nini?

Mke wangu ni mhasibu wa kikoba, na laptopu ya nyumbani kwetu ni ya kikoba kwanza, ya wengine baadaye. Humo mna faili la Excel lenye hisa, mikopo, riba na faini za akina mama wa mtaa mzima. Kwa hiyo nilipopata hamu ya kujifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, nilipewa sharti moja tu: "Usiguse kitu changu."

Nikanunua diski ya nje. Boksi limeandikwa terabaiti 1. Kuichomeka, Windows inasema gigabaiti 931. Nikamweleza mke wangu kwamba mtengenezaji anahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, hakuna aliyeiba. Mwambie mhasibu yeyote maneno hayo "hakuna aliyeiba", halafu uangalie macho yake.

Diski nikaigawa: gigabaiti 700 za kutunzia nakala za mafaili yake, zilizobaki za Linux yangu. Ukitaka Linux, chomeka diski uwashe. Ukitaka Windows, chomoa. Na wakati wa kusakinisha, pale panapoulizwa programu ya kuwashia mfumo iwekwe wapi, nilichagua diski ya nje, nikahakiki, ndipo nikabonyeza. Hilo naliapia hata leo.

Sasa, laptopu za siku hizi zina kichumba kidogo ndani ya diski yao wenyewe, ambamo programu za kuwashia mifumo hukaa. Kisakinishi kilinisikiliza kwa adabu zote, kisha kikaenda kuiweka GRUB, ndiyo hiyo programu ya kuwashia Linux, humohumo ndani, mbele ya Windows, huku maelekezo yake yote yakibaki kwenye diski ya nje. Yaani mlinzi kasimama getini kwetu, funguo ziko kwenye begi langu. Mafundi wanaijua kasoro hii miaka mingi. Sisi hatukuijua, maana diski ilikuwa inashinda na kulala imechomekwa.

Mpaka Jumamosi niliyopanda treni ya SGR kwenda Dodoma, na diski yangu begini, nikamwoneshe binamu Linux.

Tumeshaipita Morogoro, simu ikaita. Mke wangu.

"Baba watoto, umeifanya nini kompyuta? Wanachama wamekaa, haiwaki."

"Sijaigusa."

"Imekuwa nyeusi. Juu kuna Kiingereza, chini kuna neno moja."

Kabla sijajibu, simu ikachukuliwa na mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hapa imeandikwa *grub*, halafu alama ya kubwa kuliko. Grub ni kubwa kuliko nini?"

Nikamwambia sio hesabu, mama, hiyo ni alama tu ya kusubiri amri. Akasema amefundisha alama ile maisha yake yote, na haijawahi kusubiri amri. Nyuma yake nasikia sauti inauliza kama mikopo ya mwezi huu imesamehewa. Sauti nyingine ikaitikia amina.

"Si mna nakala ya mahesabu?" mwenyekiti akauliza.

"Ipo, mama. Salama kabisa."

"Iko wapi?"

"Ninayo mimi. Inakwenda Dodoma."

Kimya. Kikoba kizima kikawa kinatafakari mtu anayesafiri na mahesabu yao kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa.

Bahati nzuri dawa ilikuwa neno moja: uiambie GRUB itoke, kompyuta itafute mfumo unaofuata, ambao ni Windows. Bahati mbaya tulikuwa tumefika milima ya Kilosa, na reli pale inapita kwenye mahandaki.

"Mama, andika E."

"E ya embe?"

"Ya embe. Halafu X."

"X ya nini?"

Nikatafuta neno la Kiswahili linaloanza na X. Tafuta na wewe. Treni ikaingia handakini, simu ikakata.

Tulipotoka nikapiga. "X ya kosa, mama! Ile unayowawekea watoto wakikosea!"

"Ahaa, X ya kosa! Kwa nini hukusema?"

"Halafu I ya…" Handaki.

Abiria wa jirani yangu, mzee mwenye kofia ya vitenge, akawa anafuatilia kwa uchungu kuliko mimi. Tulipotoka tena mwangani, ni yeye aliyenidaka simu na kupaza sauti: "I ya imani! T ya tembo! Mama, bonyeza Enta!"

Tukasubiri, behewa zima. Kisha vigelegele.

Niliporudi nyumbani niliiweka Windows mbele kwenye mpangilio wa kuwasha, kazi ya dakika chache. Kilichonishinda ni muhtasari. Kwenye kikao kilichofuata, kipengele cha Yatokanayo, umesomwa hivi: "Kikao kilichelewa kwa sababu mume wa mhasibu alisafiri na kompyuta."

Nikanyoosha mkono kutoka mlango wa jikoni. Kompyuta ilikuwa mezani, nilisafiri na diski! Naomba muhtasari urekebishwe.

Mwenyekiti akanijibu kwamba, kwa mujibu wa katiba, asiye mwanachama haruhusiwi kurekebisha muhtasari. Nikauliza kuhusu faini ya kuchelewesha kikao, ambayo mke wangu alishaniandikia kwenye Excel. Hiyo, akasema, katiba haijambagua mtu.