Kampuni Iliyofaulu Mtihani: Sheria na Maadili katika Teknolojia ya Afya

Mwezi Mei 2017 kampuni ya eClinicalWorks ya Massachusetts, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mifumo ya kielektroniki ya kumbukumbu za wagonjwa nchini Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 155 ili kumaliza madai ya serikali kwamba ilipata ithibati ya mfumo wake kwa udanganyifu. Masharti yalitaka mfumo uweze kuchota msimbo wa dawa yoyote kutoka katika hifadhidata kamili ya dawa, ili agizo la daktari lifike kwa mfamasia bila utata. Kwa maelezo ya Wizara ya Sheria, kampuni haikujenga uwezo huo, bali iliandika moja kwa moja ndani ya programu misimbo 16 tu, ile ile iliyohitajika siku ya majaribio, kama mwanafunzi aliyeliona karatasi la mtihani usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mfumo ulifaulu, ukauzwa, na madaktari walioununua wakapokea fedha za motisha za serikali kwa kutumia mfumo wenye ithibati. Kampuni ililipa bila kukiri kosa.

Nimeianza hoja na kesi hii kwa sababu inaugusa mgogoro mzima uliopo kati ya makundi mawili ya watu wanaojadili uadilifu katika kampuni za teknolojia ya afya. Kundi la kwanza huamini sheria, ukaguzi, ithibati na faini, na husema kwamba kampuni ni chombo cha kutafuta faida, kwa hiyo kitakachoizuia isimdhuru mgonjwa ni hofu ya kukamatwa. Kundi la pili husema kwamba sheria huja imechelewa na hupima kile tu kilicholetwa mbele yake, hivyo kinga ya kweli ni utamaduni wa ndani, yaani mazoea ya watu ambao hukataa jambo baya hata pale ambapo hakuna mkaguzi anayewatazama. Kila kundi lina ushahidi wake, na ushahidi huo mara nyingi hutoka katika kesi zile zile.

Tuanze na kundi la pili, kwa kuwa kesi ya misimbo 16 inaonekana kulipatia ushindi wa mapema. Hapa hapakuwa na upungufu wa kanuni. Sheria ya mwaka 2009 iliyofahamika kwa kifupi cha HITECH ilikuwa imetenga mabilioni ya dola ili hospitali na zahanati za Marekani ziache mafaili ya karatasi, na iliambatanishwa na vigezo vya kina na taasisi za kuvisimamia. Hata hivyo, vigezo hivyo vilipimwa kwa majaribio ambayo maudhui yake yalifahamika mapema, na haraka ya soko ilikuwa kubwa, kwa kuwa aliyechelewa kupata ithibati alipoteza wateja ambao nao walikuwa wakizikimbilia fedha za serikali. Mwaka 2019 kampuni ya Greenway Health ililipa dola milioni 57.25, na mwaka 2023 NextGen Healthcare ikalipa dola milioni 31, zote kwa madai ya kuupotosha utaratibu huo huo wa majaribio. Haitakuwa haki kusema kwamba faini ya 2017 haikuwatisha, kwa sababu matendo yaliyodaiwa yalianza kabla yake. Lakini kampuni tatu zinapotuhumiwa kuuchezea mtihani mmoja, mtihani wenyewe nao unastahili kutiliwa shaka. Kanuni iliyotungwa kwa nia njema ilizaa ujuzi mpya wa kuikwepa, na ujuzi huo haukuhitajika pale ambapo kila zahanati ilinunua programu kwa kujiridhisha yenyewe.

Kesi ya Practice Fusion inaipa hoja hii uzito zaidi. Kampuni hiyo ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 2005, iliwapa madaktari mfumo wa kumbukumbu bila malipo na kujipatia mapato kutoka kwa matangazo na wadhamini. Januari 2020 ilikubali kulipa dola milioni 145, zikiwamo faini za jinai, baada ya kukiri kwamba ilitafuta na kupokea mlungula kutoka kwa kampuni kubwa ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Malipo hayo yalikaribia dola milioni moja. Kilichonunuliwa ni arifa, yaani kijisanduku kinachojitokeza kwenye skrini ya daktari akiwa na mgonjwa, kikimkumbusha kupima maumivu na kumwonyesha hatua za matibabu, dawa za afyuni zikiwamo. Arifa hiyo ilianza kutumika mwaka 2016 na kuendelea hadi 2019, na ilijitokeza takriban mara milioni 230. Wadhamini waliruhusiwa kushiriki kuchagua mwongozo wa kitabibu utakaofuatwa, kuweka vigezo vya lini arifa itokee, na wakati mwingine hata kuyaandika maneno yake. Haya yote yalifanyika Marekani ikiwa katikati ya janga la vifo vya dawa hizo. Baadaye mwaka 2020 Purdue Pharma, mtengenezaji wa dawa hizo, ilikiri makosa ya jinai ambayo miongoni mwake ni njama ya malipo yaliyopitia kwa kampuni hiyo ya kumbukumbu za wagonjwa.

Ubaya wa kisa hiki unazidi pale mtu anapotafuta tukio la uvunjaji sheria kwa sura tuliyoizoea. Hakuna mdukuzi aliyeingia, hakuna taarifa za wagonjwa zilizovuja, wala mashine haikuharibika. Kulikuwa na mikutano ya mauzo, makadirio ya kiasi ambacho mdhamini angerudishiwa kwa kila dola aliyoitoa, na programu iliyofanya kazi kama ilivyoagizwa. Daktari aliyeiona arifa alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba ni sauti ya sayansi ya tiba. Wenye imani na utamaduni wa maadili wana haki ya kuuliza: ni mkaguzi gani angeligundua jambo hilo kwa kupitia orodha yake ya ukaguzi? Aliyeweza kulizuia ni mtu aliyeketi katika mkutano ule na kuona kwamba idara ya masoko ya kampuni ya dawa inaandika kile ambacho daktari atakisoma mbele ya mgonjwa.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana nao. Mtu huyo angesema nini, na kwa nguvu gani? Mfumo ulitolewa bure, hivyo daktari hakuwa mteja kwa maana ya kibiashara. Mteja alikuwa mdhamini, na watu wanaozungumzia utamaduni wa kampuni kama jambo la mafunzo, kauli za maadili ukutani na hotuba za mkurugenzi hupenda kulipita swali hili la nani analipa. Katika kampuni ambayo mshahara wa kila mfanyakazi unategemea wadhamini, mafunzo ya maadili ya mara moja kwa mwaka hayawezi kushindana na makadirio ya mapato ya robo mwaka. Naona kwamba utamaduni wa kampuni hufuata mkondo wa fedha zake kuliko unavyofuata maandishi yake, na kwa hiyo sheria inayoingilia chanzo cha fedha hugusa utamaduni kwa kina kuliko semina. Sheria ya Marekani inayokataza malipo ya kushawishi huduma za afya ina asili yake mwaka 1972, muda mrefu kabla ya arifa za kompyuta, na bado ndiyo iliyoikamata Practice Fusion, kwa sababu haikuuliza teknolojia gani imetumika bali nani amemlipa nani na kwa lengo gani.

Kundi la sheria lina ushahidi mwingine ndani ya kesi ya eClinicalWorks, nao hauzungumzwi vya kutosha. Waasisi watatu wa kampuni walibebeshwa wajibu wa malipo pamoja na kampuni yenyewe, badala ya kuachiwa wajifiche nyuma ya jina lake. Zaidi ya hapo, mtayarishaji mmoja wa programu alilipa dola 50,000, na mameneja wawili wa miradi walilipa dola 15,000 kila mmoja. Fedha hizi ni kidogo mno zikilinganishwa na jumla, na ndiyo maana zinastahili kutazamwa kwa makini, maana zinaibua swali gumu kuhusu wajibu wa mtu wa chini. Kwa upande mmoja, kumtoza faini mwandishi wa programu ni kumwadhibu mtu ambaye huenda hakuwa na uwezo wa kubadili tarehe ya mwisho wala maamuzi ya wakubwa wake, na kunaweza kuwafundisha wafanyakazi kuficha badala ya kusema. Kwa upande mwingine, taaluma zinazogusa uhai hazikubali utetezi wa kuagizwa. Mfamasia anayetoa dozi ya hatari hawezi kujificha nyuma ya daktari aliyeandika cheti, kwa kuwa anatarajiwa kusoma na kukataa. Mwandishi wa programu anayeamua ni dozi ipi itakayoonekana kwenye skrini ameingia katika mnyororo huo huo, ijapokuwa hana leseni wala baraza la taaluma. Naegemea upande wa wajibu, kwa sharti kwamba mtu wa chini apewe pia njia ya kusema bila kupoteza riziki.

Kesi ya eClinicalWorks ilianzishwa na fundi wa programu aliyekuwa akiufunga mfumo kwa niaba ya Jiji la New York katika magereza ya Rikers Island, ambaye aliona kasoro zilizoweza kuwadhuru wafungwa wagonjwa. Alifungua shauri kwa kutumia sheria ya mwaka 1863 inayomruhusu raia kushtaki kwa niaba ya serikali iliyodanganywa, na mwishowe akapata takriban dola milioni 30 kama mgawo wake. Huyu alikuwa mtu wa upande wa mteja, wala hakuwa ofisa uzingatiaji wa sheria wa kampuni wala mhandisi wake mwadilifu. Utamaduni unaosifiwa ulikuwa kimya, na sheria ya zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe ndiyo iliyompa mtu wa nje njia na sababu ya kuchukua hatua. Mtu anaweza kuona kinyaa kwamba uadilifu ulilipwa mamilioni, na kinyaa hicho nakielewa. Ila sijaona namna nyingine iliyofanya kazi hiyo kwa kiwango hicho.

Mapengo ya sheria, hata hivyo, ni ya kweli. Sheria ya faragha ya afya ya Marekani ya 1996, HIPAA, huwabana watoa huduma, bima na washirika wao, huku programu nyingi za simu zikibaki nje ya uzio. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliitoza GoodRx, programu ya kutafuta punguzo la bei za dawa, dola milioni 1.5 kwa madai ya kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook, Google na wengine, na ilidai pia kwamba ukurasa wake wa huduma za daktari kwa mtandao ulibandikwa nembo iliyoashiria kwamba unafuata sheria hiyo ya 1996. Nembo ya utii iligeuka kuwa kifaa cha mauzo, na hapa watetezi wa utamaduni wana neno la kutuambia wote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume ya kuisimamia. Hatua hizo ni njema, lakini mkazo wa sheria za taarifa binafsi uko kwenye siri ya mgonjwa, ilhali kashfa mbili kubwa nilizozieleza hazikuhusu siri. Arifa ya Practice Fusion ingeweza kutokea katika mfumo unaolinda kila taarifa kikamilifu, na misimbo 16 ingeweza kukaa ndani ya mfumo ambao haukuvujisha jina hata moja. Kinachokosa ulinzi ni uaminifu wa ushauri wenyewe ambao mashine humpa mhudumu, na katika kituo cha afya chenye tabibu mmoja na foleni ndefu ushauri huo hupewa uzito mkubwa kuliko unavyopewa na daktari bingwa wa Boston.

Wapo wanaojibu kwamba sisi tuna programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa wote. Ni kweli kwamba OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004, ilipata malezi yake ya kwanza katika ushirikiano uliohudumia wagonjwa wa UKIMWI huko Eldoret, na kwamba KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya Kenya imejengwa juu yake. Msimbo ulio wazi unampa yeyote haki ya kuona arifa imewekwa na nani na kwa vigezo gani. Lakini haki ya kuona haina maana pasipo mtu mwenye muda na ujuzi wa kutazama, na mifumo ya kibiashara inayoingia kupitia zabuni na ufadhili haitoi hata hiyo haki.

Ningependa kuona mikataba ya ununuzi ikimlazimisha muuzaji kukabidhi, pamoja na kila toleo jipya la programu, orodha ya arifa zote za kitabibu, mwongozo uliofuatwa kwa kila moja, na jina la aliyelipia kuandaliwa kwake. Na majaribio ya ithibati yakifanywa kwa maswali ambayo muuzaji hajayaona, tena hospitalini, baada ya mfumo kuanza kutumika. Upinzani wa haki dhidi ya pendekezo hili ni gharama. Kampuni changa ya Nairobi au Dar es Salaam italemewa na masharti ambayo kampuni kubwa ya nje itayatimiza kwa idara nzima ya wanasheria, na matokeo yake yanaweza kuwa soko lenye wauzaji wachache na wenye kiburi zaidi. Sehemu ya gharama hiyo inaweza kubebwa na serikali ikiwaajiri mafundi wa mifumo katika hospitali za rufaa kwa ajira ya kudumu. Kwa sasa wengi wao huja na mradi, huujua mfumo kwa undani kuliko yeyote katika jengo zima, kisha mkataba wao huisha pamoja na ufadhili, na hospitali hubaki na programu ambayo hakuna anayeweza kuifungua na kuikagua.