Kabla ya kutafuta risasi laini

Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu aliyekohoa ndani ya debe. Kidole kilikuwa kimeanza kurudi kwenye triga msimamizi aliponipigia kelele nisimame. Tulipoifungua bastola tulikuta kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Ganda halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake, kile kidude cha chini ya ganda kinachowasha baruti, ndiyo iliyokisukuma. Ningefyatua tena, risasi ya pili ingeigonga ya kwanza, na mtutu ungeweza kupasuka mikononi mwangu.

Risasi zile, za maganda yaliyotumika kisha yakajazwa upya, sikuzijaza mimi. Nilizinunua uwanjani, kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu na kila mtu alizisifu kuwa laini, yaani haziirushi bastola sana mkononi. Tangu siku hiyo msimamo wangu haujabadilika: risasi iliyojazwa upya nisiyojua nani kaijaza haiingii kwenye bastola yangu. Hapa Marekani sheria ya serikali kuu haidai leseni ukijaza za kupiga mwenyewe, lakini anayetengeneza ili auze lazima awe nayo. Basi ama nunua kwa mwenye leseni, ama jifunze kujaza.

Sasa huo ulaini. Katika mashindano ya kulenga shabaha ya USPSA, chama cha mchezo huo hapa Marekani, kuna kipimo cha nguvu: zidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha gawa kwa 1,000. Kwa daraja la chini unatakiwa ufikie 125. Kwa daraja la juu, 165. Wengi wetu tunaopiga milimita 9 tunashindana daraja la chini, na ndipo tamaa inapoanza. Kichwa kizito cha greni 147 kinafikia kipimo kwa mwendo mdogo kuliko cha 115, kwa baruti kidogo, na bastola inatulia mkononi. Hilo ni kweli, nami ndicho ninachokitumia.

Ila watu wanabana mno. Greni 147 kwa futi 860 inakupa 126.4, na mtu anafurahi. Asubuhi ya baridi, kwa baruti isiyopenda baridi, mwendo ukipungua futi 15 tu umeshuka hadi 124.2. Kwenye mashindano makubwa waandaaji wanachukua risasi zako na kuzipima kwa kronografu yao, mashine ya kupima mwendo wa risasi, si ya kwako. Ukikutwa chini ya 125 unaweza kuendelea kupiga, lakini alama zako hazihesabiwi. Umelipa kiingilio, umelala hotelini, umefanya mazoezi miezi mingi, yote kwa sababu ya ulaini ambao mkono hauwezi hata kuutambua saa inapohesabu! Mimi najaza nipate futi 900 hivi, yaani 132. Nimepiga zote mbili, na sijaona tofauti ya kunifanya nihatarishe siku nzima.

Tena usichukue kipimo cha rafiki ukakiamini. Risasi zilezile zinatoka kwa mwendo tofauti kwenye mitutu miwili, hata ya bastola za aina moja. Pima kwenye ile utakayoshindania.

Wakati wa kujaza natazama ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Tupu ni hatari, na lililojazwa baruti mara mbili ni hatari zaidi, kwa hiyo simu haiingii chumba kile na mazungumzo hakuna. Nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni, maana masalia ya fataki yana risasi yenyewe, ile madini yenye sumu, na nyumbani kuna watoto.

Usiku wa kuamkia mashindano nautoa mtutu kwenye bastola na kutumbukiza risasi moja moja ndani yake. Inayoingia na kutoka kwa uzito wake yenyewe nairudisha kwenye boksi. Inayogoma, hata kidogo, naiweka kando.