Mshenga Hakuogeshwa, Alirushiwa Tu

Nilishaamua kukaa kimya, maana aibu ya mtu ni ya nyumbani kwake. Lakini yule mshkaji wangu, ambaye jina lake silitaji kwa sababu ananidai, tangu jana usiku anasambaza ya kwake. Eti nimemwogesha mshenga. Eti samaki wote wamekufa. Eti posa ya mdogo wangu imevunjika. Asubuhi hii dereva bajaji wa hapa Tabata kanisimamisha ananipa pole, halafu akauliza samaki wamezikwa wapi.

Samaki wazima. Mshenga mzima. Posa nayo, tutafika huko.

Tangi langu liko sebuleni, jirani na dirisha. Wafugaji naona mmeanza kutikisa vichwa, tulieni. Jua likagonga maji mpaka yakawa kijani, na samaki wangu wa dhahabu nikawa nawaona kwa kubahatisha. (Ndiyo, kwenye nchi yenye Ziwa Tanganyika, ambalo samaki wake wa mapambo wanapanda ndege kwenda Ulaya, mimi nafuga samaki wa asili ya China. Tusiyaanzishe.) Shangazi, ambaye ndiye angepokea barua kwa niaba ya ukoo, aliliangalia tangi akaniuliza kama nafuga samaki au nachemsha mlenda. Na wageni wanakuja Jumapili.

Filta ya sponji haiwezi kitu hapo. Ukijani ule ni mwani unaoelea, nao ni mdogo mno, unapenya kwenye sponji unatokea upande wa pili haujaguswa. Ndipo nikaitoa kabatini ile filta ya unga, niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama. Ni mtungi una pampu, ndani yake mfuko wa kitambaa, na mipira miwili: mmoja unavuta maji, mwingine unarudisha. Mfuko peke yake hauchuji cha maana. Kinachochuja ni unga mweupe wa diatomu, yaani magamba ya mwani mdogo sana wa majini wa zamani mno, ule ule unaotumika kwenye filta za mabwawa ya kuogelea. Unaukoroga kwenye ndoo ya maji, unawasha filta izunguke humo humo ndooni. Mwanzo maji yanachafuka. Ukiona yamekuwa maangavu, ujue unga wote umejibandika kwenye mfuko, na sasa unakamata mpaka chembe ya maikroni 1. Unywele wako, kwa taarifa, ni kama maikroni 70. Vaa barakoa wakati wa kuukoroga, vumbi lake si la kuvuta.

Aliyeniuzia alinisisitizia jambo moja: hii si filta ya kuishi nayo. Inafanya kazi masaa machache, maji yaking'aa unaitoa, filta yako ya kawaida inaendelea na maisha. Maana unga unashikiliwa pale na msukumo wa maji tu. Pampu ikisimama, unadondoka. Pampu ikiwaka tena kabla hujauandaa upya kwenye ndoo, unapita kwenye mfuko moja kwa moja hadi kwenye tangi.

Kwa hiyo nilijua. Naomba hilo likae kwenye rekodi. Nilijua vizuri sana.

Jumapili saa sita maji yalikuwa yameng'aa mpaka kokoto za chini unazihesabu. Nikaiacha iendelee, wageni wakifika nipate cha kuwaelezea. Sifa bwana. Wakafika, wazee watatu na mama mmoja, mshenga katikati kavaa kanzu na koti jeusi juu, sinia limefunikwa kwa kitambaa, barua juu yake. Shikamoo, marahaba, karibuni, tumekaribia. Wakakaa kwenye kochi la upande wa tangi, kwa sababu lile jingine lina shimo na shangazi alikuwa amelikalia mwenyewe kulificha.

Mshenga akasafisha koo. "Sisi tumepita hapa kwenu, tukaona ua..."

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshtuka, hii ni Dar. Feni ikazunguka zunguka, ikachoka. Mzee akaendelea na ua lake. Mimi macho kwenye mtungi. Kile kimya cha pampu nilikisikia peke yangu. Unga ukaanza kubanduka. Kipande kimoja kikateleza taratibu kwenye mfuko, kikakaa chini ya mtungi. Kikafuata kingine. Halafu upande mzima ukaporomoka, mfuko ukabaki uchi.

Plagi iko wapi? Kwenye ekstensheni, nyuma ya kochi la wazee. Kuifikia lazima nipite katikati ya mshenga na sinia wakati anazungumza. Nikajaribu kunyanyuka kidogo tu, nusu ya kalio. Shangazi akanitazama. Waliolelewa na shangazi wa Kitanga wanajua ni jicho gani. Nikakaa.

Nikamgeukia mshkaji, aliyekuwa kasimama karibu na kochi hilo hilo kazi yake ni kugawa soda. Nikamkonyeza, nikaelekeza macho kwenye plagi. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nikashusha pumzi. Akainama... akamwongezea mshenga soda. Nikamfanyia ishara ya kuchomoa kwa vidole. Akaleta kifungua chupa.

"...na ua hilo," mshenga anasema, "tumelikuta kwenye nyumba safi, isiyofichika jambo..."

Nje watoto wa mtaa mzima kwa pamoja: "Umerudi huooo!"

Feni ikaamka. Friji ikaguna. Na mtungi wangu ukanguruma, unga wote uliolala chini ukapanda juu, ukapita kwenye kitambaa, ukaingia kwenye mpira. Nikauona ukisafiri ndani ya mpira. Kwenye tangi likatoka wingu moja dogo, la heshima kabisa. Kisha likatoka wingu lenyewe hasa. Samaki mkubwa akapotea kuanzia mkiani, kichwa kikabaki kinanishangaa, nacho kikaenda. Tangi likawa jeupe pe. Yule mama akasema polepole, "Baba, samaki wako wanaungua."

Hapo adabu ikaisha. Niliruka. Sikuruka kwa mshenga kama mnavyoambiwa, niliruka kwenye plagi. Mguu ndio ulionasa kwenye mpira. Mpira wa kurudishia ukachomoka kwenye tangi, na pampu, ambayo haina habari na posa ya mtu, ikaendelea kusukuma. Mpira ukajinyoosha, ukamkuta mshenga mdomo wazi kwenye neno "bustani". Ukaanzia kofiani, ukashuka begani, ukapita kwenye koti jeusi, ukamalizia kwenye sinia. Mzee hakukwepa. Alifumba macho tu, akasema "Bismillahi," na mimi nikiwa nimelala kifudifudi miguuni pake plagi mkononi.

Sebule kimya. Shangazi: "Wee mtoto!" Nina miaka 34.

Basi, mengine yalikwenda haraka. Taulo, samahani, samahani, chai. Unga si sumu, nikaurudisha kwenye mfuko kwa kutumia ndoo kama inavyotakiwa, nikairudisha filta kwenye tangi, na hata kabla wageni hawajamaliza pilau samaki wakaanza kuonekana, wote, nimehesabu mbele ya mashahidi. Barua iliroa wino ukatawanyika, jina la muoaji halisomeki; shangazi akatangaza kwamba posa imepokelewa, jina litumwe kwa meseji. Mshenga kaondoka na shati langu la Simba. Kesho kanzu na koti vinatoka kwa dobi, bei imeshatajwa, na shangazi anataka ikatwe kwenye mahari. Mdogo wangu naye kasema ikiguswa shilingi moja ya mahari yake nitamtambua. Mshkaji, wewe uliyekuwa na simu mkononi badala ya plagi, lile deni nilipunguze kwanza hela ya dobi.