Farasi Mwenye Sura ya Disraeli

Tarehe 3 Agosti 1867, jarida la Punch la London lilichapa katuni ambayo hutolewa kama ushahidi kwamba wachora katuni wa zama za Malkia Victoria hawakumtakia mtu wa kawaida haki ya kura. Mchoraji wake John Tenniel alichora farasi mwenye sura ya Benjamin Disraeli, waziri wa chama cha Wahafidhina aliyeleta muswada wa kupanua haki ya kura, akirukia ua mnene ulioandikwa "Mageuzi". Mgongoni yupo Britannia, yaani taifa lenyewe, amejikinga uso. Katuni iliitwa "Kuruka Gizani".

Shutuma hiyo haikuzuka hewani. Punch lilikuwa jarida la watu wenye nafasi, na mada ya katuni kubwa ya wiki iliamuliwa kwenye chakula cha jioni cha wahariri na wachoraji. Fundi wa kiwandani hakuwa na kiti pale. Septemba 1866, wiki chache baada ya waandamanaji waliodai kura kuangusha uzio wa bustani ya Hyde Park, Tenniel aliwachora wafanyakazi kama jitu la kutisha linalomwogopesha John Bright, mwanasiasa aliyekuwa akiwapigania. Hiyo siitetei.

Katuni ya farasi ni kesi nyingine kabisa. Anayechekwa humo ni mwenye muswada. Mwaka 1866 Wahafidhina walisaidia kuuangusha muswada wa namna hiyo wa wapinzani wao, Waliberali Russell na Gladstone, kwa hoja kwamba unawapa kura watu wengi mno. Wakashika serikali, wakaleta wa kwao, na ukaishia kuwa mpana kuliko ule walioukataa! Mei 1867 Disraeli alikubali pendekezo la mbunge Hodgkinson kuhusu wapangaji walioachwa nje ya muswada kwa sababu kodi zao za manispaa zililipwa kupitia kwa mwenye nyumba. Kwa kukubali huko tu, mamia ya maelfu wakafunguliwa njia ya kuandikishwa.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Wapiga kura wa England na Wales walikuwa takriban milioni 1. Sheria mpya iliwafikisha karibu milioni 2. Kwamba walistahili, sina shaka. Lakini je, waliowapa haki hiyo walijua wanafanya nini? Bungeni makadirio yalipingana, vifungu vikabadilishwa usiku kwa usiku, na shabaha ya Disraeli ilikuwa kumpiku Gladstone. Siku chache baada ya katuni kutoka, Waziri Mkuu Lord Derby alisimama katika Baraza la Malodi akakiri mwenyewe kwamba wanaruka gizani. Usemi huo ulikuwa umeshatumiwa na wakosoaji wake. Tenniel aliuchora tu, tena kwa usahihi ambao hotuba nyingi za msimu ule hazikuufikia.

Jicho hilohilo lilimpotea alipomgeukia John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa mbunge. Machi 1867 alimchora akiomba njia kwa ajili ya wanawake, akisitasita kabla ya kuwaita "watu", huku John Bull, mhusika wa katuni anayewakilisha Mwingereza wa kawaida, amesimama mbele yao. Kisa ni kwamba Mill alitaka sheria iseme "mtu" badala ya "mwanamume". Kura zilipopigwa tarehe 20 Mei alishindwa kwa 196 dhidi ya 73, na hizo 73 zilimshangaza kila mtu, wakiwemo waliomuunga mkono. Wasomaji wa Punch walikuwa wameonyeshwa kichekesho. Bungeni kulikuwa na hoja iliyokwishapata watu wake.